Alama Arobaini na Tatu za Mama Nionyeshe

Kosa wanalofanya watu wengi, waliosoma na wasiosoma, ni kudhani kwamba chama cha ushirika kikifungwa, madeni ya wanachama wake yanafungwa nacho. Mtu anasikia mrajisi amefuta usajili, anaona kufuli mlangoni na kibao kimeshushwa, basi anashusha pumzi: mkopo umekwenda na maji. Haujaenda popote. Fedha aliyokopa ilikuwa akiba ya mwenzake, na mwenzake bado yupo, bado anakula na kulipa kodi, bado anaiulizia.

Kosa la pili ni letu sisi wa ofisi ya ufilisi, na ni mara chache tunalikiri. Ni kudhani kwamba mtu asiye na risiti hajalipa.

Mwenzetu aliyepambana na makosa yote mawili kwa miaka thelathini na minne anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake liko kwenye jalada la utumishi, na anayelitaka akalitafute huko. Humu ndani, tangu mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, anaitwa Mama Nionyeshe.

Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alikuja akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, mpiga chapa, akawekwa kwenye kile chumba cha nyuma chenye dirisha lisilofunguka. Tangu wiki ya kwanza alikuwa na neno moja tu kwa kila anayemletea maelezo: nionyeshe. Dereva akisema gari lina mafuta, nionyeshe. Fundi akisema feni imepona, nionyeshe. Mhasibu mmoja aliwahi kuomba ruhusa siku ya kufunga hesabu kwa kisingizio cha jino, naye akamwambia afunue mdomo. Jino lilikuwa limetoboka kweli. Mama alimpeleka kwa daktari wa meno mwenyewe, akamsubiri nje saa mbili nzima, kisha akarudi kumfungia hesabu zake. Hapo ndipo wengi wetu tulipomwelewa. Alikuwa anataka kuona kwanza, na akishaona, yuko upande wako mpaka mwisho.

Kutoka upigaji chapa alihamishiwa masjala, na baada ya miaka sita akapewa meza ya ufuatiliaji wa madeni, meza ambayo wanaume watatu kabla yake walikuwa wameikimbia. Vijana waliojiunga nasi mwaka huu wamekuwa wakiuliza kazi ya meza ile ni nini hasa, basi niieleze kidogo. Chama kikivunjwa, huteuliwa mfilisi. Kazi yake ni kukusanya kila kilicho cha chama, kuuza kinachouzika, kudai kinachodaiwa, kisha kulipa kwa zamu: gharama za kazi, mishahara ya watumishi, wadai wa nje, na mwisho kabisa wanachama wenyewe wenye akiba na hisa zao. Kwa hiyo mwenye akiba amekaa mwisho wa foleni, na urefu wa foleni yake unategemea wenzake waliokopa. Wakilipa, atapata. Wasipolipa, atapewa pole. Mfuatiliaji wa madeni husimama katikati ya hao wawili. Mmoja humwona mnyang'anyi, mwingine humwona mzembe, na wote wawili wanajua namba yake ya simu.

Mama aliimudu meza hiyo kwa muda mrefu kuliko yeyote. Amefuatilia madeni ya vyama ishirini na saba: vya waokaji mikate, vya maseremala, vya wapagazi wa sokoni, na kimoja cha wapiga picha ambao wote walilipa, ila kila mmoja alitaka kwanza kumpiga picha. Lakini ukitaka kujua kwa nini tunamuaga kwa vifijo, inatosha kujua habari za chama kimoja tu, ushirika wa mafundi cherehani.

Chama kile kilikuwa na wanachama sitini na mmoja. Kiliwakopesha cherehani na vitambaa, nao wakashona sare za shule. Kilipoanguka tuliteuliwa kukifilisi, na mimi ndimi niliyepewa jalada. Leja ya mikopo ilikuwa safi, ya kupendeza, imeandikwa kwa mkono wa katibu wa chama, na ilionyesha kwamba mafundi arobaini na watatu walikopa na hawakurudisha hata senti. Niliwaandikia barua za madai. Wachache walikuja, na wote walisema walishalipa. Niliwaomba risiti, hawakuwa nazo. Katiba ya chama ilisema mkopo unaweza kulipwa kwa fedha au kwa sare zilizoshonwa, kila shati kwa bei yake, lakini sikuona popote palipoandikwa kwamba fundi fulani alileta sare kadhaa. Niliamua kwamba hawakuleta. Nikatia sahihi amri ya kukamata mali, na cherehani kumi na tisa zikabebwa na kupangwa kwenye ua wa dalali, kila moja ikiwa na kikaratasi chenye namba. Tangazo la mnada likabandikwa. Ijumaa, saa nne asubuhi.

Cherehani namba saba ilikuwa ya mjane mmoja mwenye watoto pacha, ndiyo maana mtaani kwao anaitwa Mama Pacha. Ilikuwa ndiyo ada, ndiyo kodi, ndiyo chakula. Tulipoichukua alibaki akipachika vifungo kwa mkono kwenye baraza ya jirani, kwa ujira wa kutia aibu. Upande wa pili wa jalada hilohilo alikuwapo mlinzi wa zamani wa chama, mzee aliyekatwa akiba kwenye mshahara wake kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa akija ofisini kila Jumatatu kuuliza kama zamu yake imefika. Alikuwa haketi. Alisimama mlangoni kwa mazoea ya kazi, akipewa jibu la hapana anashukuru, anaondoka.

Nilijua kwamba ili mzee alipwe, cherehani lazima iuzwe. Niliona hesabu imekaa sawa, ingawa usingizi haukuwa mzuri.

Jumapili kabla ya mnada, baada ya chakula cha mchana, Mama Nionyeshe alikuwa nyumbani kwake akipiga pasi sare za mjukuu wake. Alipogeuza kola ya shati aliona mishono midogo kwa ndani: miwili myekundu na mmoja wa buluu, imekaa pamoja kama herufi. Alikuwa ameiona mara nyingi, akidhani ni alama ya dobi. Siku hiyo alizima pasi. Alikumbuka daftari moja tulilolikuta kwenye stoo ya chama, lililoandikwa juu "Nyuzi", na ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelitupa kwenye sanduku la vitu visivyo na kazi, kwa kuwa niliona ni orodha ya uzi uliobaki. Ndani yake mstari mmoja ulisema: nyekundu 2, buluu 1, kumi na nne. Mstari huo ulikuwa umemkera tangu siku ya kwanza. Dukani hakuna anayenunua uzi wa namna hiyo.

Jumatatu saa moja na nusu alikuwa mlangoni kwangu, daftari kwapani na shati la mjukuu mkononi. Aliniambia kwamba lile halikuwa daftari la uzi. Kila fundi alikuwa na alama yake ndani ya kola, na mtunza stoo, aliyekwisha kufariki, hakuwa akiandika majina. Kila sare zilipoletwa alikuwa akigeuza kola, anatazama mishono, kisha anaandika rangi na idadi ya mashati. Mkono wa kulia wa daftari palikuwa na safu nyingine ya sare zilizotoka, na kila mstari wake uliandikwa neno moja, "Duka".

Nilimwambia ni dhana nzuri, lakini tangazo limekwisha kutoka, dalali amekwisha kulipwa malipo ya awali, na mahakama haipokei kola. Nakiri niliongea kwa sauti ya bosi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama akiniletea kitu cha kushikika kabla ya mnada nitakishika. Nikampa mpaka Alhamisi saa sita mchana, nikiamini nimempa bure.

Akanunua kitambaa cheupe cha mita mbili, sindano na nyuzi za rangi kumi. Daftari akalifungia kabatini ili asisemwe kwamba amewaonyesha watu cha kunakili. Akamchukua dereva wetu kama shahidi, wakaingia mtaa wa mafundi.

Mapokezi yalikuwa yale unayoyatarajia. Mmoja alimuuliza kama safari hii amefuata mikasi. Mwingine aliwaambia wenzake waufiche hata utepe wa kupimia, shangazi wa mnada amekuja. Kijana mmoja akaitandaza suruali aliyokuwa akiishona, akamwambia aiandike nayo, mguu mmoja ni wa chama. Mama aliwaacha wakacheka mpaka wakachoka. Kisha akaenda kukaa kwenye baraza kando ya Mama Pacha, akamwomba ashone alama yake kwenye kitambaa.

Mama Pacha alimalizia kwanza kifungo alichokuwa akikipachika. Alisema ameombwa risiti mara tatu na ofisi yetu, na mara zote tatu hakuna aliyemuuliza alikuwa akilipaje.

"Risiti yetu ilikuwa shati lenyewe," alisema. "Alama iko ndani ya kola. Shati likienda shule na mtoto, risiti imekwenda naye. Sasa mimi nikamvue nani?"

Hili ndilo kosa lao mafundi, na ni kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingelifanya. Kwa kuwa kila mmoja anaijua alama ya mwenzake kama anavyoijua sura yake, waliona kuandika majina ni kazi ya watu wasiofahamiana. Mama Pacha alichukua sindano, akashona mishono miwili myekundu na mmoja wa buluu. Mama Nionyeshe akaandika jina pembeni kwa kalamu ya risasi, dereva akatia sahihi. Mama Nionyeshe hakusema kwamba alama hiyo mjukuu wake ameivaa kwa miaka miwili.

Baada ya hapo dhihaka ilipungua. Kwa siku mbili na nusu alizunguka baraza kwa baraza. Kila fundi alishona peke yake, wengine wakisubiri ng'ambo ya barabara. Wawili walikuwa wamehamia mji mwingine, akawafuata kwa basi la alfajiri, akarudi na la jioni. Mmoja alikuwa ameshafariki. Binti yake, ambaye si fundi bali muuza duka la dawa, alichukua sindano na kushona alama ya baba yake, kijani tatu na nyeupe moja, bila kuuliza ni rangi gani, kisha akaomba radhi na kwenda ndani kidogo. Na kulikuwa na fundi mmoja mnene, mcheshi, aliyeshona alama yake na kusema kabisa kwamba haitaonekana sana kwenye daftari la stoo. "Mimi nadaiwa kweli, dada," alisema. "Usinihangaikie."

Jumatano jioni kitambaa kilikuwa na alama arobaini na tatu. Tulilifungua daftari mezani kwangu, tukaleta na mashati mia mbili yaliyobaki stoo bila kuuzwa, tukaanza kugeuza kola. Sijawahi kuona kazi ya namna ile. Hakukuwa na alama daftarini isiyokuwa kitambaani, wala ya kitambaani isiyokuwa daftarini. Mafundi thelathini na tisa walikuwa wamelipa mikopo yao yote kwa sare, na baadhi walikuwa wamezidisha. Mama Pacha alikuwa ameleta mashati mia tatu na kumi na mawili, kumi na moja zaidi ya deni. Wanne tu ndio waliokuwa na salio, na yule mcheshi alikuwa mmoja wao, kama alivyosema.

Lakini swali la mlinzi mzee lilikuwa palepale. Kama mafundi hawadaiwi, akiba yake iko wapi? Sare zilitoka kwenda "Duka", na thamani yake haikuonekana imerudi kwenye kitabu chochote cha chama. Mtaani hakuna asiyejua ni mwanachama gani aliyekuwa na duka la sare. Ni katibu, mwenye ule mwandiko mzuri.

Naye habari zilikuwa zimemfikia. Alhamisi saa tatu alikuja mwenyewe, amevaa suti, akaniamkia kwa adabu. Kwenye leja alikuwa na mkopo wa cherehani nne alizochukua kama fundi mwanachama, na kando yake alijiandikia mwenyewe "umelipwa", ndiyo maana hakuwamo kati ya wale arobaini na watatu. Alisema amesikia tumeanza kutambua malipo ya sare, jambo la haki kabisa, na kwamba yeye pia alilipa hivyohivyo, tena zamani.

Nilinyoosha mkono kuchukua jalada. Mama Nionyeshe hakulihitaji. Alikitandaza kile kitambaa mbele yake, mahali palipobaki peupe, akamwekea sindano na uzi mwekundu.

"Nionyeshe, kaka," alisema.

Katibu alilowesha uzi kwa ulimi, akaulenga kwenye tundu la sindano, ukapita pembeni. Akalowesha tena. Mara ya tatu akacheka kidogo, akasema macho yake siku hizi si mazuri. Mama akavua miwani yake ya kusomea, akampa. Katibu akaivaa. Feni ilikuwa inazunguka, na dereva wetu mlangoni alikuwa anatazama dari kwa bidii sana.

Akaiweka sindano chini. Mama akaligeuza daftari upande wa kulia, akaweka kidole chini ya neno "Duka", akakiteremsha taratibu ukurasa mzima, kisha ukurasa uliofuata. Hakumtukana, hakumtisha. Katibu alisema apewe muda.

"Muda upo," alisema Mama. "Andika tarehe."

Aliandika. Alitia sahihi kukiri mkopo wa cherehani nne pamoja na thamani ya sare zote zilizoingia dukani kwake, na alilipa kwa miezi kumi na mmoja, akiuza gari lake la mizigo na nusu ya duka. Deni hilo moja lilizidi yale yote niliyokuwa nikiwadai mafundi arobaini na watatu. Nami siku ileile, saa sita kasorobo, nilikwenda kwa dalali kwa miguu yangu na kusimamisha mnada. Nilivibandua vikaratasi mwenyewe, kumi na vinane. Cha namba saba Mama Pacha alinizuia nisikiguse. Aliiinamia cherehani yake, akaitia mafuta, akazungusha gurudumu kwa kiganja huku amesikiliza kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto, kisha akalipa mkokoteni na kuondoka nayo.

Mlinzi mzee alilipwa akiba yake yote, ya miaka yote ishirini na miwili. Siku hiyo Mama alimwekea kiti, na kwa mara ya kwanza aliketi. Alisema alidhani chama kimekufa na yeye yumo ndani.

Tangu hapo utaratibu wetu ulibadilika, ingawa wengi wenu mmeukuta na kudhani ulikuwapo siku zote. Hakuna barua ya madai inayotoka hapa mpaka ofisa akae na mwanachama kazini kwake na kumuuliza alikuwa akilipaje. Waokaji tukawakuta walikuwa wakilipa kwa magunia ya unga. Maseremala walikuwa wakilipa kwa madawati, na namba zilichongwa chini ya kiti ambako hakuna mkaguzi anayeinama. Na hapa ndipo ushindi wenyewe ulipo: tulipoacha kudai tusichodai, tukaanza kulipwa tunachodai. Mtu aliyefutiwa deni la uongo huwa hana ubishi na la kweli. Wale wanne wa cherehani walimaliza ndani ya mwaka, na yule mcheshi alileta salio lake la mwisho akiwa amelifunga kwenye kola ya shati.

Kitambaa kile kimetiwa fremu na kuning'inizwa kwenye ujia wetu. Wageni hudhani ni kazi ya watoto wa shule. Waacheni wadhani, ila wakiuliza, waelezeni.

Wiki ijayo kwenye hafla mtamwona Mama amevaa gauni la rangi ya zambarau. Limeshonwa na Mama Pacha kwa cherehani namba saba, ambayo kikaratasi chake bado kimefungwa, na anasema hakitatoka. Ndani ya pindo, kuzunguka gauni zima, mafundi wameshona alama arobaini na tatu, ya marehemu ikiwamo, imeshonwa na binti yake. Kwa nje haionekani hata moja. Pacha wenyewe, ambao sasa ni vijana wa chuo, ndio watakaompokea mlangoni.

Mama, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne, kwa jino la mhasibu, kwa mabasi ya alfajiri, na kwa kuniletea shati la mjukuu wako asubuhi ile niliyokuwa na haraka ya kukosea. Pumzika ukiwa na afya, upige pasi zako kwa raha, na tunakuombea kila mema nyumbani kwako na kwa wote ulio nao.

Nanyi mnaobaki, meza zenu zina majalada. Leo, kabla hujatoka ofisini, mpigie simu mdaiwa mmoja ambaye hujawahi kumwona, umwombe akuonyeshe alivyokuwa akilipa.